Vakyumu haimalizi manyoya ya paka na mbwa? Soma dalili kwanza kabla hujanunua nyingine

Mwenye mnyama ndani ya nyumba lazima atafika siku atauliza hili swali: ninunue vakyumu gani inayoweza manyoya? Mimi siku hizi nikiulizwa nauliza na mimi, hiyo uliyonayo inafanyaje? Kwasababu wengi mashine yao ni nzima kabisa ila imekabwa shingo na manyoya, na wengine mashine ni nzima na haijakabwa ila ni aina ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo, hao wa pili ndo kweli wanahitaji nyingine. Shida ni kwamba wote wawili wanalalamika neno moja tu, "haivuti".

Nasema hivi kwasababu mimi mwenyewe niliwahi kumgawia jirani mashine yangu nikamwambia chukua labda utapata vipuri, mota imekufa hiyo. Wiki ileile naisikia inanguruma kwake. Ndani ya ule mpira mrefu unaopitisha hewa kulikuwa na soksi ya mtoto imevikwa manyoya ya paka mpaka imekuwa kama panya aliyekufa. Anaitumia mpaka leo na mimi nilishanunua nyingine.

Kwahiyo nimepanga kwa dalili, chini ya kila dalili sababu zinaanza na ile inayotokea sana kwenda kwenye ya nadra, na pale ambapo dawa ni kubadilisha mashine nitasema.

Jambo moja kabla hujashika chochote: chomoa plagi ukutani. Sio kuzima swichi, chomoa. Kama ni ya betri na betri inatoka, itoe. Brashi ya chini inaweza kuanza kuzunguka ghafla vidole vikiwa mlemle na ile haina huruma.

"Inanguruma lakini haivuti kitu"

Hii ndo inaongoza kwa mbali. Mashine yenyewe haina siri kubwa, mota inazungusha feni, feni inasukuma hewa itoke nyuma, hewa nyingine inaingilia mdomoni ikiwa imebeba uchafu. Hewa ikizibwa njiani au ikivujia njiani, mdomoni hakuna nguvu. Unachotafuta ni kimoja kati ya viwili, kizibo au tundu.

Pa kuanzia ni kiganja chako. Toa kichwa cha chini, washa, weka kiganja kwenye ncha ya bomba. Kama hapo inavuta kwa nguvu basi shida iko kwenye kichwa. Kama bado dhaifu zima, toa bomba, pima kwenye ncha ya mpira. Bado? Zima, toa mpira, pima kwenye tundu la mashine yenyewe. Pale nguvu inaporudi, kipande ulichokitoa mwisho ndo chenye kesi. Dakika mbili tu na umeshajua pa kuchokonoa.

Sasa sababu zenyewe:

1. Kontena au mfuko umejaa. Manyoya yana uongo mmoja, ni mepesi lakini yanajaa kama pamba, kwahiyo kontena inajaa mapema kuliko unavyozoea kwenye vumbi la kawaida. Ule mstari wa mwisho uliochorwa pembeni usiusubiri, mwaga ikifika nusu. Na kwenye mfuko kuna mtego mwingine, unaushika unauona bado mlaini una nafasi kumbe vitundu vyake vimeshazibwa na ule unga wa ngozi ya mnyama, hewa haipiti. Badilisha tu.

2. Filta. Mashine nyingi zina mbili, moja kabla ya mota na nyingine pale hewa inapotokea, na hiyo ya pili watu wanaishi nayo miaka hawajui kama ipo. Kung'uta nje ya nyumba, alafu angalia maandishi kama inaoshwa. Inayooshwa oshea maji ya baridi bila sabuni, ikamue taratibu kama ni sponji, iache mahali penye upepo masaa 24 na kama bado ina unyevu iongezee siku nyingine. Ile ya karatasi iliyokunjwakunjwa kwa kawaida haioshwi, inabadilishwa, isipokuwa imeandikwa wazi kwamba inaoshwa. Na usirudishe ikiwa mbichi kwa haraka ya wageni, nitarudi kwenye hilo chini kwenye harufu.

3. Kizibo njiani. Sehemu zinazopenda kuziba ni shingo ya kichwa pale inapojikunja, kiungo cha bomba na mpira, na mlango wa kuingilia kwenye kontena. Chukua gololi, idondoshe upande mmoja wa mpira uliotolewa na sikiliza kama inatokea upande wa pili. Haijatoka? Sukuma kwa mpini wa ufagio taratibu, na sukuma kizibo kirudi kilikoingilia, sio kukishindilia mbele. Waya wa hanga usitumie, unatoboa mpira na hapo umehamia kwenye sababu namba nne.

4. Inavuja. Mpira hupasuka sana pale unapoingia kwenye mashine maana ndipo unapokunjwa kila siku, na kama una mbwa mdogo anayeota meno angalia alama za kutafunwa. Pitisha mkono taratibu ukiwa umewasha, sikiliza mluzi. Kuna na ule mpira mwembamba wa kuzuia hewa kwenye kifuniko cha kontena, kishungi cha manyoya kikilala pale juu kifuniko hakikazi sawasawa na utakaa unailaumu mota bure. Futa kwa kitambaa kikavu. Tepu kwenye ufa inasaidia kwa wiki moja mbili wakati unatafuta mpira mwingine.

5. Mota imechoka. Hii ni ya mwisho, na watu wengi wanaiweka ya kwanza kama nilivyofanya mimi.

SIMAMA HAPA: kama umesafisha vyote na tundu la mashine lenyewe bila mpira bado linavuta kinyonge, au unaona cheche za bluu kupitia matundu ya nyuma, au inapiga kelele ya chuma kusaga chuma, hiyo ni kazi ya fundi. Inaweza kuwa kaboni za mota (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zimeisha au beringi imekufa, vyote vinabadilishika kwenye baadhi ya mashine, ila kasha la mota usilifungue wewe.

Na kama kila kitu ni kizima ila unalazimika kumwaga kila ukimaliza chumba kimoja, hapo sio ugonjwa, ni kontena dogo kwa wanyama ulionao. Ukienda kununua angalia ujazo wa lita kabla ya kitu kingine. Mimi kwa nyumba yenye wanyama wawili au zaidi napendelea ya mfuko, najua sio fasheni tena na mifuko inabidi uinunue kila mara, ila kumwaga kontena la manyoya upepo ukivuma unakuelekea wewe ni kuoga vumbi upya.

"Brashi ya chini haizunguki, au inasimama ikigusa zulia"

Usicheke, ila anza na kitufe. Mashine nyingi zina kitufe cha kuzima brashi kwa ajili ya sakafu ngumu na mara nyingi kinagongwa na mguu au na mtoto. Zingine brashi ikikwama inajizima yenyewe kujilinda na hairudi mpaka uzime mashine, utoe kilichokwama, uwashe tena.

Kitufe kipo sawa? Basi geuza kichwa. Tisa kati ya kumi za kwangu ilikuwa ni manyoya pamoja na nywele za watu (tuwe wakweli, nywele ndefu za binadamu ndo kamba, manyoya ya paka ni pamba inayojaza juu yake) yamejizungusha kwenye rola mpaka nyuzi za brashi hazionekani. Rola nyingi zina mfereji mdogo umepita kwa urefu, pitisha mkasi humo ukate alafu vuta kwa vidole. Kizuri kuliko mkasi ni kile kidude cha mafundi cherehani cha kufumulia nyuzi, kina ncha inayoingia chini ya nywele bila kukata brashi.

Ila wengi wakishaona brashi imependeza katikati wanafunga na kuondoka, na ugonjwa wenyewe uko pembeni. Toa rola nje kabisa, vua vifuniko vya ncha zake mbili. Manyoya yanatambaa mpaka kwenye beringi, yanasagwa na joto yanakuwa kitu kigumu kama nta nyeusi, rola inakuwa nzito, mota inahangaika, mkanda unaungua na mwisho plastiki ya pembeni inayeyuka. Nimeona rola imeyeyukia kwenye kichwa chake ikabidi kichwa kizima kitupwe. Zungusha rola kwa vidole, inatakiwa iende kilaini, ikikwaruza bado kuna kitu.

Baada ya hapo ndo uwaze mkanda. Kama uliwahi kusikia harufu ya mpira kuungua alafu brashi ikasimama, ni huo. Zungusha rola ukiwa umeirudisha mahali pake: ikizunguka huru kabisa bila kuvuta chochote mkanda umekatika, ikivuta kidogo upo. Mkanda bapa hulegea taratibu, brashi inazunguka hewani ila ikikanyaga zulia inasimama. Wenye meno haulegei, unakatika tu. Nunua kwa namba ya modeli iliyo chini ya mashine, usinunue kwa kukadiria urefu na macho.

Zile zisizo na mkanda ni za aina mbili. Kuna kichwa kinachozungushwa na hewa yenyewe, hicho brashi ikisimama rudi kwenye dalili ya kwanza maana hewa ndo haipo. Na kuna chenye mota yake ndogo humo ndani, umeme unashuka kupitia bomba kwa vipini vya chuma kwenye viungo. Futa vile vipini kwa kitambaa kikavu, angalia kama kuna kilichopinda, rudisha mpaka usikie "tak". Bado imekufa? Peleka kwa fundi, na ukiona waya uchi au alama nyeusi ya kuungua kwenye kiungo usiiwashe tena hata kujaribu.

Kwa anayetafuta kununua, kipimo changu namba moja cha mashine ya manyoya kiko hapahapa na wala sio nguvu: rola inatoka bila bisibisi? Utaitoa mara kwa mara maisha yako yote, kama inahitaji kufungua skrubu nne hutaitoa, tunajuana. Zile zinazotangazwa kwamba nywele hazijisokoti, zenye vichana ndani au rola yenye umbo la pia, zinapunguza kweli ila sijaona inayomaliza.

"Inavuta vizuri, manyoya yamebaki palepale kwenye zulia"

Hapa ndo penye ugomvi mkubwa na hapa ndo hela nyingi zinapotea, mtu anaona manyoya yamebaki anaenda kununua yenye wati nyingi zaidi. Wati ni umeme unaoliwa, sio usafi unaotoka. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2017 hauruhusu vakyumu mpya za kawaida kuzidi wati 900, kabla ya hapo kikomo kilikuwa 1600 kuanzia 2014, na watu wa huko hawakuacha kufuga mbwa.

Tatizo ni unywele wenyewe. Unywele mfupi mgumu wa mbwa unachoma kwenye zulia kama sindano, na yale manyoya laini ya ndani yanayotoka kwa mafungu msimu wa kupukutika yanajifuma na nyuzi za zulia. Hewa peke yake inapita juu. Kinachotakiwa ni kitu cha kuukwangua unyanyuke, alafu hewa iubebe.

Kwahiyo angalia kwanza kichwa gani umefunga. Kile bapa kisicho na brashi inayozunguka, hata kingekuwa kwenye mashine kubwa namna gani, kwa zulia lenye manyoya ya mbwa utasukuma mpaka jioni. Kama kina kile kipande cha kukanyaga kinachotoa na kuingiza vibrashi, kwenye zulia vibrashi viwe ndani, watu wengi wanaviacha nje.

Pili, kimo. Kichwa chenye kurekebishwa urefu kikiwa juu brashi haigusi zulia, kikiwa chini sana inakwama. Shusha kidogokidogo mpaka usikie mlio umebadilika.

Tatu ni wewe. Tunasukuma kama tunapiga pasi. Nenda polepole, rudi polepole zaidi kwasababu vichwa vingi vinaokota zaidi vikivutwa kurudi, alafu pita tena kwa kukata njia ya kwanza. Unywele uliolala upande mmoja unanyanyuka ukiguswa na upande mwingine.

Nne, nyuzi za brashi zimeisha. Weka rula kwenye mdomo wa kichwa, nyuzi zinatakiwa zijitokeze kidogo nje, zikiwa ndani ya mdomo badilisha rola.

Kuna na hali ya kinyume, mashine inavuta mno mpaka kichwa kinanata kwenye zulia hakisogei. Fungua kile kidirisha kidogo cha hewa kwenye mpini, kiko pale kwa kazi hiyo.

Hewa ikiwa kavu manyoya yananata kwa ule umeme wa nguo unaokushtua ukigusa kitasa. Glovu za mpira za kuoshea vyombo, ziloweshe kidogo tu, futa kochi kuelekea upande mmoja, manyoya yanakusanyika mafungu unayaokota kwa mkono. Kwanguo la mpira la kufutia vioo linafanya hivyohivyo kwenye zulia na mara ya kwanza utaona aibu kwa kilichotoka kwenye zulia uliloliita safi. Fanya hivyo kwanza, acha pakauke, vakyumu ije baadaye.

Tahadhari: zulia lililofumwa kwa vitanzi, na yale yenye nyuzi ndefu sana, brashi inayozunguka inaweza kukamata uzi mmoja na kuufumua mstari mzima. Ukisikia imekamata zima palepale, usivute. Kwa mazulia hayo zima brashi na utegemee kwanguo.

Kama umejaribu yote na mashine yako haina kichwa chenye brashi inayozunguka, hapa ndo nasema nunua. Ila uliza kwanza kama kichwa hicho kinauzwa peke yake kwa modeli yako. Na ukinunua mashine nzima hakikisha ina kile kichwa kidogo chenye brashi kwa ajili ya makochi na ngazi, maana paka halali sakafuni.

"Kwenye vigae inarusha manyoya badala ya kuokota"

Brashi ngumu inazunguka kwa kasi, inapiga unywele unaruka nyuma kabla hewa haijaukamata. Zima brashi. Kama haizimiki badilisha kichwa, weka bapa au chenye rola laini ya kitambaa. Mwenye nyumba ya vigae mwanzo mwisho hana haja ya kulipia brashi kali, atumie hela hiyo kwenye filta nzuri.

"Ikiwashwa nyumba nzima inanuka"

Inategemea inanuka nini.

Inanuka mbwa aliyenyeshewa: manyoya yamekaa ndani na unyevu. Mwaga, osha kontena, kausha. Kama filta ilirudishwa mbichi imeshaota ukungu, na ukungu hauishi kwa kuosha tena, weka mpya. Unga wa kunukisha mazulia usijazie, ule unga laini unaziba filta haraka kuliko vumbi lolote. Na kamwe usifyonze mkojo au matapishi ya mnyama kwa mashine ya kawaida hata yakiwa kidogo, maji na mota ya umeme havipatani na unaweza kupigwa shoti. Kwa hayo kuna mashine za kufyonza maji na kavu. Ule mchanga wa choo cha paka unaogandamana nao ni udongo unaovimba ukipata maji, ukiingia kwenye mpira wenye unyevu unakuwa sementi.

Inanuka mpira: rola imekwama au mkanda, rudi juu.

Inanuka plastiki au umeme unaoungua, au unaona moshi: zima, chomoa, usiwashe "kidogo tu nione". Gusa plagi na waya kama vina joto. Hii moja kwa moja kwa fundi, haina hatua ya pili ya nyumbani.

"Inajizima yenyewe katikati ya kazi"

Ikiwa inawaka tena baada ya nusu saa au saa nzima, swichi ya joto imeilinda mota isiungue. Imepata joto kwasababu imekosa hewa, yaani ni dalili ya kwanza imekuja kwa nguo nyingine: mwaga, filta, kizibo. Angalia pia kama umeichomeka kwenye ekstensheni iliyoviringishwa, ifungue yote, waya ulioviringwa unashika joto. Ikikata na kurudi ukitikisa waya, waya umekatikia ndani, mara nyingi karibu na plagi au pale unapoingilia kwenye mashine, usizungushie tepu ukaendelea, fundi aukate na kuunga upya. Na ikiwa inaangusha swichi kuu ya nyumba kila ukiiwasha, isiguse umeme tena mpaka ipimwe.

"Ya betri inakaa dakika chache tu"

Kwanza dakika zilizoandikwa kwenye boksi ni za spidi ya chini, mara nyingi bila brashi yenye mota. Ukiweka spidi kubwa pamoja na brashi kwenye zulia zinabaki chache sana, hiyo sio hitilafu. Pili rola iliyosokotwa manyoya inakula betri, isafishe alafu pima tena kwa saa ya simu. Tatu angalia vyuma vya chaja vumbi. Nne betri imezeeka, za lithiamu hupungua baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, na zikiachwa kwenye joto kali hupungua mapema zaidi.

Betri iliyovimba, inayovuja au yenye joto hata kama haiko kwenye chaja: usichaji, usitoboe, usitupe kwenye takataka za kawaida, itoe nje mbali na vinavyowaka na uipeleke wanakopokea betri.

Kwa kununua: betri inatoka na inauzwa peke yake? Kama imejengewa ndani, siku betri inakufa na mashine imekufa. Mwenye mbwa mkubwa na mazulia vyumba vyote, ya betri iwe ya pili, ya waya iwe ya kazi.

"Roboti inakwama, inazunguka palepale, au inalia kuna hitilafu"

Pindua chini juu. Gurudumu dogo la mbele linachomoka kwa kuvuta, humo utakuta manyoya yamejaa, gurudumu likigoma kuzunguka roboti inajiona iko mahali ambapo haipo. Alafu kibrashi cha pembeni, toa, kata nywele zilizojifunga chini yake. Rola, ncha zake, kama nilivyosema. Vile vidirisha vidogo vya chini ni macho ya kuona ngazi, vikishika vumbi roboti inaogopa kusonga au inarudi nyuma bila sababu, futa kwa kitambaa kikavu. Baadhi yao zulia jeusi linawatisha, wanaliona ni shimo, hapo hakuna cha kusafisha, ondoa zulia au chora eneo la kutopita kwenye programu.

Na kuna ile balaa nyingine ambayo mwenye mtoto wa mbwa anaijua. Roboti ikikutana na kinyesi haiondoki, inakipaka nyumba nzima kwa bidii. Mpaka kampuni ya iRobot walipotoa roboti yao ya Roomba j7+ mwaka 2021 waliinadi kwa kamera ya kukwepa hicho kitu na kuahidi kubadilisha ikishindwa, ujue sio wewe peke yako. Ikishatokea usioshe roboti kwa kuimwagia maji, fungua vinavyotoka uoshe hivyo, mwili futa. Kama imeingia kwenye kasha la mota, fundi, na umwambie ukweli kabla hajafungua.

Kwa manyoya ya kila siku kwenye sakafu tupu roboti inasaidia sana. Kwa manyoya yaliyojifuma kwenye zulia haitoshi, usiinunue ukitegemea iwe peke yake.

"Nyumba imesafishwa lakini tunapiga chafya zaidi"

Anayesababisha sio unywele. Aleji ya paka inatokana hasa na protini iliyo kwenye mate na ngozi yake, inakauka, inakuwa vumbi jepesi mno linaloelea hewani masaa. Vakyumu yenye filta mbovu inalifyonza mbele na kulipuliza nyuma, usawa wa pua yako.

Angalia filta ya kutolea hewa kwanza, ipo na imekaa sawa? Alafu wangapi wanamwagia kontena jikoni? Mwagia nje, anayemwaga avae barakoa, na bora afanye asiye na aleji. Ukinunua tafuta HEPA ya kweli, yaani filta ya kukamata chembe ndogo sana, daraja H13 la kipimo cha Ulaya inazuia angalau asilimia 99.95 na kipimo cha Marekani ni asilimia 99.97 kwa chembe za maikroni 0.3. Boksi likisema "aina ya HEPA" bila daraja lolote, hilo ni neno tu. Na hata filta nzuri haina kazi kama kasha linavuja pembeni. Kifua kikibana au mtu akipumua kwa mluzi, hapo mashine weka pembeni, ni daktari.

Wengine wanalalamika baada ya kufyonza wameona viroboto wengi kuliko mwanzo. Sio kwamba mashine imewaleta, mtikisiko na joto vinawaamsha waliokuwa kwenye vifukofuko vyao ndani ya zulia. Endelea kufyonza kila siku, watafiti wa chuo kikuu cha Ohio State huko Marekani mwaka 2007 walikuta vakyumu inaua karibu viroboto wazima wote wanaoingia, asilimia 96, na wadogo wote. Ila nyumba ikiwa imejaa, mnyama mwenyewe anahitaji dawa kutoka kwa daktari wa mifugo, la sivyo wewe unafyonza na yeye anashusha wengine.

Kama dalili zimekufikisha kwenye kununua kweli

Nenda na mfuko wa plastiki wenye manyoya ya mnyama wako, siko kwenye utani. Omba wakuwashie, yamwage kwenye kipande cha zulia, yakanyage kwa kiatu yashikane, alafu pitisha mara mbili. Toa rola mbele yao, ukishindwa pale utashindwa nyumbani. Fungua kontena uone kama manyoya yanadondoka yenyewe au inabidi uyachokonoe kwa kidole kwenye ile chekeche ya katikati, hiyo ya kuchokonoa utaichukia ndani ya mwezi. Inyanyue kwa mkono mmoja kama nyumba ina ngazi. Uliza bei ya filta, mkanda na mifuko kabla ya kuuliza bei ya mashine. Na mbwa ukiweza nenda naye, kuna anayekimbia mlio fulani tu na mwingine hana shida nao, wa kwangu alihamia chini ya kitanda wiki nzima.

Alafu msimu wa kupukutika ukifika mchane nje ya nyumba kila siku, unywele uliobaki kwenye kitana hauhitaji vakyumu.